Gari la Mama: haibridi au dizeli?

Zuhura 19:02
Jamani, Ijumaa mwisho. Tunamnunulia Mama gari gani? Yamebaki mawili: haibridi ya petroli, ile yenye injini na mota ya umeme, na dizeli. Kila mtu aseme, tusije tukalaumiana.

Zuhura 19:31
Naona saba mmesoma. Mko kimya.

Kassim 19:40
Dizeli. Lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko ya petroli, halina ubishi hilo. Safari ndefu unasahau kituo cha mafuta.

Zuhura 19:44
Nguvu kweli shemeji, inazidi kama asilimia 10 hivi. Lakini lita hiyo ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, ya petroli ni kilo 2.3. Gari mbili zikila lita 5 kwa kilomita 100, ya dizeli imetoa kilo 13 na zaidi, ya petroli 11 na nusu. Usihesabu lita peke yake.

Kassim 19:47
Hizo lita 5 umegawa sawa kwa nini? Barabara kuu, mwendo wa 120, haibridi haina ujanja. Breki hukanyagi, inabaki petroli tu.

Zuhura 19:48
Mama anaenda wapi na 120? Ni kliniki na kurudi. Kilomita 4.

Salma 19:52
Mama na 120 😂😂 huyu anayeshika mpini wa mlango tukiwa 40

Juma 19:53
Si aliwahi kushuka akasema nitatembea 😂

Zuhura 19:58
Tusitoke kwenye mada. Mwendo wa kusimamasimama ndio wa haibridi. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri. Gari ya kawaida nguvu hiyo inapotea, inabaki joto kwenye breki. Juzi nilipewa lifti, foleni imekaza, nikadhani gari imezimika. Kumbe injini imelala tu, kiyoyozi bado kinapuliza. Wa mbele wakasogea na sisi tukasogea, hakuna muungurumo. Nilimfikiria Mama palepale.

Kassim 20:03
Asubuhi injini ikiwa baridi itawaka tu ijipashe. Kilomita 4 hutaona huo muujiza.

Zuhura 20:05
Hapo umesema kweli, itakula zaidi ya wanavyoandika. Lakini safari fupi hata dizeli haizipendi.

Idi 21:10
Betri ikifa je? Mtalia.

Zuhura 21:13
Idi umeibuka. Prius, haibridi ya Toyota, ilianza kuuzwa Japani 1997, si teknolojia ya jana, na ziko betri zilizopita miaka 10. Adui yake joto. Nyingi zina feni ya kupoza betri, tundu lake liko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Likijaa vumbi au likizibwa na mizigo betri inachemka. Unasafisha, basi. Tuseme na kichujio cha masizi cha dizeli? Hicho unakijua wewe.

Idi 21:14
Nilijua utafika huko tu.

Zuhura 21:15
Taa ya njano iliwaka wiki tatu, Idi.

Idi 21:19
Nani aliniambia kichujio kinataka gari ikimbizwe ndiyo masizi yaungue? Mlinipa funguo mkaondoka. Kila Jumatatu kliniki na Mama nilikuwa mimi. Nyie mlikuwa wapi?

Salma 21:26
Idi jamani

Juma 21:30
Tununue punda. Hana kichujio wala betri

Kassim 21:31
Ila moshi anao 😂😂

Zuhura 21:37
Mama anabanwa kifua, mnacheka. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kichujio kizima kinazuia masizi mengi, sikatai. Kikiziba kwa safari za dakika kumi tumerudi palepale. Na msiniletee makaratasi ya kiwandani, Volkswagen walibainika 2015 wameweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Hata ulaji wa mafuta tupime wenyewe: jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha, jaza tena, gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizojaza.

Baba Mkubwa 22:04
Nimesoma yote. Taa ile niliiona mimi kabla ya Idi hajakabidhiwa gari lile. Sikusema. Asilaumiwe tena. Halafu nauliza, mama yenu ameulizwa?

Salma 22:09
Shikamoo Baba Mkubwa

Juma 22:09
Shikamoo Baba

Baba Mkubwa 22:15
Marahaba.

Zuhura 22:41
Shikamoo Baba Mkubwa. Hajaulizwa. Idi, nisamehe.

Idi 06:52
Yameisha dada. Nimemuuliza Mama sasa hivi. Mafuta hakuuliza. Anataka kiti cha kukaa, si cha kupanda wala cha kuzama. Goti.

Kassim 06:58
Dizeli ni ndefu, haibridi iko chini. Hapo wote tumekwama.

Idi 07:01
Alhamisi nampeleka akae kwenye zote mbili.

Kassim 07:03
Muuzaji wa dizeli anataka jibu leo.

Zuhura 07:04
Asubiri. Idi nenda na futi, pima kiti kimeinuka kiasi gani kutoka chini. Nani mwingine anaenda naye Alhamisi?

Zuhura 09:20
Naona tisa mmesoma.