Naomba ushauri: kuoka sangara kwenye jiko la mkaa

Habari za jioni wapishi wenzangu. Dada kaniletea kitabu kipya cha mapishi, na picha zake zinatia hamu kwelikweli. Shida ni kwamba mapishi yake ya samaki yanataka oveni ya nyuzi 200, na mimi hapa Kirumba napikia mkaa. Nataka kuoka minofu ya sangara kwa limao, kitunguu saumu na tui. Nikiweka moto juu na chini ya sufuria, samaki anatoa maji mengi na nyama inameguka kabla ya kupata rangi. Kitabu kinasema tui liingie mwanzoni. Nahisi ndilo linaloharibu. Nimkaushe kwanza kwa chumvi? Au sato mzima atafaa zaidi? Jumamosi nawapokea wakwe, nisaidieni jamani.