Pesa imebaki ya jambo moja tu: kocha mpya, wachezaji wa mkopo, au uwanja?

Makoti_Mawili:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa Uskoti, na Jumamosi zangu nyingi zinaishia kwenye kibanda cha chai cha klabu moja ya League Two, yaani daraja la nne, la chini kabisa katika ligi ya taifa. Jina nalihifadhi. Mji ni mdogo na mwenyekiti tunagongana naye dukani.

Ligi ina timu kumi, kila moja inakutana na mwenzake mara nne, jumla mechi 36. Sisi tunaburuza mkia. Zamani isingekuwa habari. East Stirlingshire walimaliza wa mwisho misimu mitano mfululizo, kuanzia 2003 hadi 2007, na kila Agosti wakaanza upya palepale kama hakuna kilichotokea. Tangu msimu wa 2014/15 mambo yamebadilika. Wa mwisho anacheza mchujo wa nyumbani na ugenini, na anayemsubiri ni mshindi kati ya bingwa wa Highland League na bingwa wa Lowland League, ligi mbili za kanda zilizo chini yetu. Akifungwa, anatoka kwenye ligi ya taifa.

Wanachama tumeitwa kikaoni. Kuna akiba kidogo na inatosha jambo moja tu. Tumfungashie kocha virago tulete mwingine? Tuchukue vijana watatu wanne kwa mkopo dirisha dogo la Januari? Au tusiguse timu, pesa iende kwenye nyasi bandia, na tukishuka tushuke bila madeni? Nipeni mawazo, maana nikiuliza pale kibandani kila mtu anajibu kwa hasira.

KipaMstaafu:
Mkuu, nimeishi Fife miaka mingi, karibu na Cowdenbeath, mji wa wachimba makaa ya mawe. Timu yao wanaiita Blue Brazil, na usiniulize Brazil imeingiaje pale. Uwanja wao, Central Park, umezungukwa na njia ya magari ya mashindano. Mechi ikiisha unaweza kukuta tairi limelala karibu na kibendera cha kona.

Hawa nakutajia kwa sababu wamepita njia hiyo yote. Msimu wa 2014/15 walikuwa daraja la pili wakichapwa 10-0 na Hearts. Mwaka 2017 wako mkiani League Two, wakapona mchujo dhidi ya East Kilbride kwa penalti. Mwaka 2018 wakapona tena mbele ya Cove Rangers. Watu wakadhani wameuzoea mchujo kama mtu anayezoea malaria. Mwaka 2022 Bonnyrigg Rose wakawapiga 3-0, kisha 1-0, kwisha habari.

Mimi napiga kura kwa wachezaji wa mkopo. Mchujo ni mechi mbili tu, na mshambuliaji mmoja anayejua goli liko wapi anaweza kukuokoa.

Mama_Hisabati:
Kaka Kipa, hesabu yako mwenyewe inakukana. Cowdenbeath walipona mara mbili, kisha nini? Kama unazima moto kila mwaka na nyaya za umeme hutengenezi, ipo siku utalala usingizi mzito.

Makoti, angalia Montrose. Mwaka 2015 ndio walikuwa wa kwanza kabisa kucheza mchujo huu. Walikwenda Brora, huko kaskazini, wakafungwa 1-0. Waliporudi Links Park wakashinda 3-1, wakabaki kwa bao moja. Miaka mitatu baadaye, 2018, wakawa mabingwa wa League Two chini ya Stewart Petrie, aliyeanza kazi Disemba 2016.

Sasa angalia walichokuwa nacho muda wote huo: nyasi bandia. Uwanja wa nyasi za kawaida katika baridi ile unautumia Jumamosi, halafu wiki nzima unaulinda kama sahani za wageni. Wa bandia watoto wanacheza jioni, mashule yanakodi, kina mama wanafanya mazoezi, wazee wanatembea. Kila anayeingia anaacha kitu, na mtoto aliyecheza pale Jumatano anamvuta baba yake Jumamosi.

Mkeka_Umechanika:
Mimi niko Mwanza na timu hizi nazijua kwa mkeka wa kubeti tu. Wakati wa baridi wanaanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu. Forfar, Elgin, Stranraer, nazitaja kama nimezaliwa nazo. Mkuu Makoti, mlinichania mkeka wa mechi kumi na mbili, kumi na moja zikiwa zimetiki. Sisemi mengi.

Ila nina dogo hapa, winga, mguu wa kushoto hatari. Nikuletee?

Makoti_Mawili:
Pole kwa mkeka, siku hiyo hata sisi ulituchanikia. Kuhusu dogo, kaka, haiwezekani. Wachezaji wetu ni wa nusu siku: fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori. Wanafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku, wanalipwa kinachotosha mafuta ya gari na zaidi kidogo. Klabu ya namna hiyo haiwezi kumdhamini mtu viza.

Ua_wa_Michongoma:
Nimesoma na kufanya kazi upande wa Angus, kwa hiyo niacheni niseme habari za Brechin, klabu ya huko, maana hapo ndipo hoja ya kocha inapopimwa.

Uwanja wao, Glebe Park, upande mmoja hauna ukuta, una ua wa miti uliokatwa vizuri kama michongoma ya nyumbani kwetu, ila hauna miiba. Nilisimama karibu nao msimu wa 2017/18, msimu ambao sitausahau. Walikuwa daraja la pili. Mechi 36: ushindi sifuri, sare 4, vipigo 32. Pointi nne! Na kocha, Darren Dods, hawakumfukuza, alimaliza nao msimu. Kuna waliosifu uungwana huo. Mimi pia nilisifu, nakiri.

Msimu uliofuata kibarua kikaota nyasi, akaja mwingine, na bado wakashuka tena. Mwaka 2020 walikuwa wa mwisho League Two, korona ikakata msimu, mchujo haukuchezwa, wakapona kwa bahati. Mwaka 2021 Kelty Hearts wakawamaliza kwa jumla ya 3-1. Kutoka daraja la pili mpaka Highland League ndani ya miaka mitatu. Kumvumilia kocha hakukuwasaidia, na kumfukuza hakukuwasaidia. Kwa hiyo ndugu yangu, hiyo pesa ya kuvunja mkataba iache benki.

KipaMstaafu:
Basi tuseme na upande wa pili. Mama Hisabati anazungumza kana kwamba kushuka ni kwenda kupumzika kijijini. Orodha ya walioshuka kwa mchujo mpaka 2025 ni hii: East Stirlingshire 2016, Berwick Rangers 2019, Brechin 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023, Bonnyrigg Rose 2025. Sita. Mpaka hapo, aliyekuwa amerudi ni nani? Hakuna. Brechin walichukua ubingwa wa Highland League 2023, wakatolewa na Spartans kwa penalti kabla hata ya kuiona timu ya League Two.

Hawa si watoto. Berwick ni klabu ya mji ulioko England inayocheza ligi za Uskoti, na mwaka 1967 iliwatoa Rangers wa Glasgow kwenye Kombe la Uskoti, 1-0. Albion Rovers ni ya 1882, Jock Stein, yule kocha mkubwa wa Celtic, alichezea pale kabla dunia haijamjua. East Stirlingshire ndipo Alex Ferguson alipoanzia ukocha, 1974. Historia haikumzuia hata mmoja wao kushuka.

Lango la kurudi ni moja tu. Uwe bingwa wa ligi nzima, umpige bingwa wa upande mwingine, kisha umpige wa mwisho wa League Two. Ndiyo maana nasema leteni mshambuliaji.

Mama_Hisabati:
Umeitaja East Stirlingshire ukapita haraka. Rudi pale. Mwaka 2008 waliondoka Firs Park, uwanja wao wa miaka mingi, wakawa wapangaji Stenhousemuir. Miaka minane baadaye wakashuka. Sisemi kuondoka uwanjani peke yake ndiko kulikowaangusha. Nasema mpangaji hana jioni za kukodisha, hana kibanda cha chai chake, hana ukuta wa kubandika tangazo la muuza magari. Na Bonnyrigg, mnakumbuka kilichowapata? Uwanja wao una mteremko. Walitakiwa kuusawazisha, hawakufanya, wakakatwa pointi sita msimu wa 2024/25, wakamaliza wa mwisho na wakashuka. Halafu mtu ananiambia uwanja haufungi mabao!

KipaMstaafu:
Dada, hapo umenipata kidogo. Kidogo tu. Uwanja mtaanza kuujenga lini? Mchujo ni Mei.

Ua_wa_Michongoma:
Mchujo wenyewe si hukumu ya kifo jamani. Kuanzia 2015 hadi 2025 imechezwa kumi, na timu ya League Two imepona minne. Ya mwisho kupona kati ya hizo ni Stranraer, 2024, mbele ya East Kilbride. Mwaka uliofuata East Kilbride haohao wakarudi na wakapanda.

Swali langu kwa Makoti: mko kaskazini au kusini mwa daraja la barabara la mto Tay? Mstari unaogawa Highland na Lowland unapita katikati ya daraja lile. Ukishukia Highland League, kuna Jumamosi basi linakwenda mpaka Wick, huko juu kabisa. Fundi bomba wenu atakubali? Hiyo nayo ni gharama, na sijaona mtu kaihesabu.

Makoti_Mawili:
Nikijibu la daraja nimeshataja nusu ya jina. Lakini la basi sikuwa nimelifikiria, na sidhani kama kamati imelifikiria.

Niwaambie ninachokiona kibandani. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu kama mia tatu. Nusu yao nawajua kwa wanachokunywa. Kuna mzee mmoja huja dakika ya arobaini kabla foleni haijaanza, anachukua pai ya nyama na supu ya kopo, anahesabu sarafu moja moja kwenye kiganja, halafu ananiuliza, "Tunafungwa ngapi?" ilhali katokea uwanjani. Anataka kusikia mtu mwingine akisema. Yule mzee hatashuka na timu kwenda Wick. Miguu haimruhusu. Ila mechi za nyumbani atakuja, hata mpinzani awe nani.

Kocha namwacha, Brechin wamenitosha. Nilikuja hapa nikiwa upande wa mkopo, sasa Mama Hisabati amenivuruga. Ninachofikiria kupendekeza ni hiki: kijana mmoja wa mkopo, mshambuliaji, na tuiombe klabu yake ilipe sehemu kubwa ya mshahara. Inayobaki iwe malipo ya kwanza ya nyasi. Najua nilisema pesa ni ya jambo moja.

Mama_Hisabati:
Kabla hujapendekeza, mwombe mweka hazina aoneshe karatasi. Mshahara wa mkopo una kodi juu yake, na bima, na nauli ya kijana kutoka Glasgow mara tatu kwa wiki. "Sehemu kubwa" niandikie kwa tarakimu.

Makoti_Mawili:
Sawa dada, nitamuuliza. Kikao ni Alhamisi saa moja jioni, nitarudi hapa usiku huohuo.

Mkeka_Umechanika:
Swali la mwisho mkuu, maana natengeneza mkeka wa kesho. Mko nyumbani. Niwaweke au niwaache?

Makoti_Mawili:
Tuache kaka.