Tupeane uzoefu: umefanyaje maneno ya kwenye muvi yasikike vizuri nyumbani?

Wakuu habari zenu. Hii kero ya watu kuongea kwenye muvi huwasikii, unapandisha sauti, mara bomu linalipuka nyumba nzima inatetemeka watoto wanaamka, aliyeimaliza aje aseme alifanyaje. Naanza mimi. Nina seti ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja ya besi, na muvi za 5.1 maneno karibu yote yanatoka spika ya katikati. Fundi aliyenifungia aliichomeka ndani kabisa ya kabati la TV, usawa wa magoti. Nimeivuta hadi ukingoni, nikaiinua mbele kidogo iangalie masikio ya aliyekaa kwenye kochi, kisha kwenye setingi nikaipandisha hiyo peke yake desibeli 3. Mama mkwe sasa anafuatilia stori bila kuuliza "kasemaje?"

Mdau wa Mwanza: Wenye deki za DVD zenye matundu sita ya sauti nyuma mnisikilize. Ukichomeka waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, kwenda kwenye sabufa ya 2.1 (ile yenye spika mbili tu) na deki imesetiwa 5.1, muziki utausikia, magari utayasikia, maneno hakuna, maana yanatokea tundu la katikati na halina waya. Ingia setingi za audio weka stereo, yaani sauti zote zipite hizo waya mbili, maneno yanarudi hapohapo. Jirani yangu alishaanza kutafuta hela ya sabufa mpya!

Mdau wa Mombasa: Kwangu spika hazikuwa na tatizo, sebule ndo ilikuwa shida. Kuta tupu, chini tailsi, vioo vikubwa, sauti inagonga inarudi maneno yanapandana. Tuliweka zulia zito na mapazia mazito, tofauti ni kubwa mno jamani. Sabufa nayo tukaitoa kwenye kona, pale ilikuwa inavuma mpaka inafunika sauti nzito za wanaume.

Mdau wa Dodoma: Mzee wangu masikio yamechoka, kilichomsaidia ni kuwasha night mode, inashusha milipuko na kupandisha minong'ono, halafu nikapunguza besi nikaongeza trebo kidogo, kwasababu sauti kama s, f na sh nguvu yake iko kwenye sauti nyembamba za juu, hertz 2,000 na zaidi, zikifunikwa maneno yote yanafanana. Ila TV ya ukutani ambayo spika zake zinaangalia nyuma, hiyo bila kuongeza hata sabufa ndogo sijaona dawa, mwenye nayo alete.