Mjadala: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipimwe kwa marais waliosoma pale, au kwa darasa zima?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mlimani kama tunavyokiita, kinapoadhimisha miaka yake, majina yaleyale hutajwa. Jakaya Kikwete, uchumi, alimaliza 1975 na tangu 2016 ndiye Mkuu wa Chuo hichohicho. John Magufuli, kemia na hisabati, 1988, akarudi mpaka akapata uzamivu wa kemia 2009. Yoweri Museveni, aliyeingia 1967. Joseph Warioba wa sheria, 1966, baadaye Waziri Mkuu. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Kutoka Kenya, Willy Mutunga, Jaji Mkuu 2011 hadi 2016. Orodha inatia fahari, na mimi niliyepita pale nimeitaja mara nyingi mbele ya watu, kifua mbele.

Hata hivyo nasema wazi: kwa chuo cha umma, orodha hiyo si kipimo cha kazi iliyofanyika. Kipimo ni darasa zima. Walioingia mwaka fulani, kozi fulani, wako wapi leo na wanafanya nini? Hesabu hiyo ndiyo ningependa isomwe siku ya mahafali, wazazi wakiwa wamekaa wanasikia.

Tabia ya kuhesabu vigogo ina asili yake. Oktoba 1961 chuo kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walikuwa wachache mno. Uhuru ulikuwa unakuja Desemba, na nchi haikuwa na wanasheria Waafrika wa kujaza hata mahakama zilizokuwapo. Wakati ule kila aliyehitimu alikuwa habari. Julie Manning, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kusoma sheria pale, alikuwa jaji, kisha mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Ukitaja majaji na makatibu wakuu wa enzi hizo, karibu umelimaliza darasa.

Leo siyo hivyo hata kidogo. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Mkwawa, Iringa. Sababu inajulikana: mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulioanza 2004 ulikuwa unafungua shule za kata kila kona, walimu hakuna. Walimu wa sekondari wakawa sehemu kubwa ya wanaotoka chuo hiki. Nani anawataja? Kijana wa mwaka wa kwanza anasomewa marais na mawaziri, anaondoka na fundisho kwamba kufanikiwa ni kupata cheo. Akipangiwa Ruangwa kufundisha fizikia, anajiona ameshindwa maisha. Jambo hili linaniuma sana, ndiyo maana nimelileta hapa.

Karibuni.

Wakili wa Mombasa

Salaam ndugu zangu wa Bara na wa Pwani. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu.

Mutunga alichukua shahada ya kwanza Dar mwaka 1971 na ya uzamili 1974. Alikuta Dar ya namna gani? FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na ofisi mjini. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anafundisha Mlimani. Wanafunzi walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake wa kwanza Museveni, na 1968 kundi lao lilikwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa ndani ya Msumbiji. John Garang wa Sudan Kusini alipita humohumo. Issa Shivji alikuwa mwanafunzi, kisha mwalimu. Mnaona? Orodha hiyo siyo bahati nasibu ya vigogo. Ni ushahidi wa mazingira ambayo chuo kiliyajenga, watu wakabishana usiku kucha kuhusu Afrika, wakatoka na kitu kichwani. Hilo hulipati kwenye jedwali la ajira.

Halafu kuna upande wa kijana. Nilipoamua kusoma sheria sikuamua kwa takwimu. Niliamua kwa sababu ya mtu. Nilimsikia Jaji Mkuu wa nchi yangu akieleza alikotoka, nikasema kumbe mtoto wa mtu wa kawaida anaweza. Mkiondoa majina, kijana wa Kilifi atashika nini?

Mwanzisha mada

Wakili, sikusema tuyaondoe. Lakini hoja yako ya mazingira nairudisha kwako. Museveni na Mutunga walitembea kwenye vichochoro vilevile, wakakaa katika mabishano yaleyale. Mmoja alipoingia madarakani 1986 alisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita kiasi; ukomo wa mihula ukafutwa Uganda 2005, ukomo wa umri ukafuata 2017, naye yupo. Mwingine aliondoka kitini 2016 kabla muda wake haujafika mwisho. Hapa kwetu, Magufuli na Tundu Lissu wote ni wa Mlimani, na 2020 walisimama kugombea urais wakipingana kwa kila jambo. Sasa chuo kichukue sifa ya yupi? Mtu akishatoka, anajengwa na mengi: chama, jeshi, woga wake, ujasiri wake. Chuo kikidai mazuri ya mtu mmoja kidai na mabaya yake, au kisidai lolote.

Ukilitazama darasa la watu mia nane, hapo mkono wa chuo unaonekana. Kama wengi wao wanafanya kazi waliyosomea na wanaifanya vizuri, hiyo ni kazi ya chuo.

Mwalimu wa Kata

Wakuu, nimesoma yote kimyakimya, sasa niseme.

Mimi ni zao la mojawapo ya vyuo vishiriki hivyo, kemia na baiolojia. Nipo shule ya kata huku kusini. Nilipofika, kemia ilikuwa inafundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita akapewa mafunzo ya wiki chache, wale waliokuwa wakiitwa voda fasta. Simdharau, alishika chaki wakati hakuna mwingine wa kuishika. Lakini hakuwahi kuwafanyisha watoto jaribio hata moja, kwa sababu na yeye hakuwahi kufanyishwa.

Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili za saruji na kabati. Kiashiria cha asidi na besi tunatengeneza wenyewe: tunachemsha rozela iliyokaushwa, tunachuja kwa kitambaa, tunagawa kwenye chupa za dawa zilizooshwa. Ukidondoshea maji ya ndimu rangi inakuwa nyekundu kali. Ukiweka maji ya majivu inageuka, inaelekea kijani. Mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa anakariri kwamba asidi hubadili rangi, siku ile anaona kwa macho yake, anataka kujaribu na mate, na soda, na sabuni ya mama yake. Kipindi kinapita na hawataki kutoka. Titresheni, yaani kupima kiasi cha asidi au besi kwa kudondosha, tunafanya kwa zamu; bureti, mirija ya kudondoshea, zilizo nzima ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo kundi la mwisho humaliza jua likizama.

Nafanya hivyo kwa sababu kuna mhadhiri alitufundisha somo la mbinu za kufundishia sayansi mahali pasipo na vifaa. Kila jaribio alilotuonyesha lilikuwa la vitu vya sokoni. Hakuna jina lake kwenye orodha ya mtu yeyote. Wanafunzi wangu wawili wamekwenda kusomea uuguzi, mmoja ufamasia. Hayo ndiyo mafanikio yangu na nayataja bila aibu.

Kwa hiyo Mwanzisha mada, niko nawe. Ila usituonee huruma. Huku hatujashindwa maisha.

Bado Nasubiri

Mwalimu heshima yako. Lakini wewe umepata kituo. Mimi ni hisabati na jiografia, na nimeshafanya usaili mara kadhaa. Nafundisha twisheni mtaani, nauza vocha na kusajili laini. Darasa zima likisomwa siku ya mahafali, na mimi nisomwe? Kama nani?

Mwanzisha mada

Usomwe kama mwalimu wa hisabati ambaye nchi imemsomesha na haijamtumia, wakati kuna shule zinaomba mwalimu wa hisabati. Hiyo ni taarifa kubwa kuliko ya rais yeyote mstaafu. Aibu hapo si yako, mdogo wangu.

Mhandisi Mstaafu

Vijana wangu, hamjambo.

Mnabishana kana kwamba swali hili ni la juzi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana mpaka Ikulu kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungekata asilimia 60 ya mshahara wao wakishahitimu, kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa serikalini nao wakapunguziwa. Swali alilowauliza ndilo hili lenu: mmesomeshwa na wakulima ili mwe nini? Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, kijana akawa hawezi kuingia chuo kikuu kabla hajafanya kazi na kupendekezwa na wenziwe kazini. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana safari hii kwa sababu ya marupurupu ya wakubwa, nao wakafukuzwa.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja. Enzi zetu ukimaliza uhandisi ulipangiwa kazi, iwe reli, iwe maji, iwe kiwanda cha nguo. Darasa letu lote lilikuwa na kazi, lakini hiyo haikuwa sifa ya chuo, ilikuwa ni serikali inaajiri. Leo Bado Nasubiri hana kazi, na hiyo nayo si lawama ya chuo. Mkipima chuo kwa ajira ya wahitimu, mnapima uchumi wa nchi mkidhani mnapima walimu wa chuo. Katika hilo Mwanzisha mada umepotea njia.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Ninakusikia, na sitaki tuhesabu ajira peke yake. Lakini tazama: hata wewe umejua kwamba darasa lenu lote lilipata kazi, na wapi. Unaijua hesabu yenu. Darasa la 2015 linajua? Chuo kikijua kwamba wahitimu wa kozi fulani wamekaa miaka mitano bila kugusa fani yao, kina la kufanya: kupunguza udahili wa kozi hiyo, kubadili mtaala, kwenda Dodoma kuieleza serikali kwa namba. Lawama iende inakostahili, lakini kwanza tujue.

Na msiniambie haiwezekani kuwafuatilia watu. Bodi ya Mikopo, tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mhitimu mwenye mkopo akiajiriwa, inakata asilimia 15 ya mshahara wake. Nchi inayoweza kumpata mdaiwa wake kijijini kabisa inaweza kumpata mwalimu wake pia.

Daktari wa Wilaya

Naomba nilete ugumu ambao hakuna aliyeugusa. Mimi nilisoma Muhimbili kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Dar es Salaam. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Kilimo cha Morogoro kiliondoka 1984 kikawa Sokoine. Ardhi nayo iliondoka 2007. Mimi ni mhitimu wa nani? Wataalamu wa udongo wa miaka ya sabini, wamo kwenye hesabu ya nani? Ila hilo linatatulika kwa makaratasi.

Lisilotatulika ni hili. Tukianza kutangaza darasa zima liko wapi, baada ya mwaka mmoja mtu atauliza wanalipwa kiasi gani. Vyuo vitapangwa kwa mishahara, kozi zitapangwa kwa mishahara. Ualimu utakuwa chini kabisa, uuguzi juu yake kidogo. Mwalimu wa Kata aliyetueleza habari ya rozela ataonekana hasara kwenye jedwali, na aliyekwenda benki ataonekana faida. Kaka, umeanza kwa kumtetea mwalimu, na kipimo chako ndicho kitakachommaliza. Nchi nyingine wameshafika huko. Mimi naona heri orodha ya marais, maana angalau kila mtu anajua kwamba haimhusu.

Mwanzisha mada

Dada Daktari, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa, na sitaikimbia.

Mshahara usiwekwe. Yaandikwe mambo matatu: amesomea nini, anafanya kazi gani, yuko wilaya gani. Majina yasiwepo kabisa, ili Bado Nasubiri asidhalilishwe na mtu. Kisha wilaya ndiyo izungumze. Tukiona wahitimu wa kemia wa miaka kumi wamejaa Kinondoni na Ilala, na Nanyumbu kuna watatu, hapo mwalimu wa Nanyumbu haonekani hasara. Anaonekana ni mmoja kati ya watatu wanaoibeba wilaya. Jedwali la mishahara linaficha jambo hilo, la wilaya linaliweka mezani.

Je, wapo watakaolipindua baadaye walete mishahara? Inawezekana. Lakini kwa kuogopa hilo tusiendelee kumfundisha kijana kwamba waliofanikiwa ni wale tu waliopigiwa saluti.

Daktari wa Wilaya

Wilaya badala ya mshahara, hapo umenisogeza. Bado sijaridhika kuhusu nani atashika takwimu hizo. Chuo chenyewe? Kitakuwa kinajipa maksi.

Wakili wa Mombasa

Na mimi bado niko na majina yangu. Ila ningependa orodha ya Mlimani impate yule mhadhiri wa Mwalimu wa Kata, aliyewafundisha kufanya kemia kwa vitu vya sokoni. Mwalimu, kama bado yuko hai na ataridhia, mwombe ruhusa umtaje.

Mwalimu wa Kata

Amestaafu, yuko Iringa. Nitampigia Jumamosi nimuulize.