Jirani anamtesa mbwa: nipige simu wapi?

Kutoka Leicester

Wapendwa, salamu. Naomba msaada wa haraka. Jirani wa nyuma yetu ana mbwa anayefungwa kwenye nguzo ya uzio kutwa kucha. Kamba ni fupi mno, akilala inamvuta shingo, na bakuli lake la maji limepinduka tangu juzi. Jana usiku nilisikia akilia, nikachungulia dirishani, nikamwona mwenye mbwa, mwanamume mmoja, akimpiga kwa mpini wa fagio. Mume wangu anasema tusiingilie mambo ya watu, hasa sasa tunaposubiri majibu ya viza. Mimi roho imekataa. Wa kumwambia ni nani? Na nikiripoti, jina langu litafika Uhamiaji?

Jibu, kutoka Birmingham

Dada, pole, na asante kwa kutofumba macho.

Nianze na viza, maana hofu hiyo ndiyo inayowafunga mdomo wengi wetu. Huku England na Wales, taarifa za ukatili kwa wanyama hupokelewa na RSPCA. Hilo ni shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1824, si idara ya serikali, wala si mkono wa Uhamiaji. Simu yao ni 0300 1234 999, na kwenye tovuti yao pia unaweza kuripoti. Wanachotaka kujua ni mnyama yuko wapi, yuko katika hali gani, umeona nini na lini. Mwambie mumeo kwamba shahidi wa ukatili si mkosaji. Kama hutaki jirani akujue, liseme hilo mwanzoni kabisa mwa simu.

Ukimwona anapigwa saa hiyo hiyo, usipige RSPCA. Piga 999, namba ya dharura. Polisi wanaweza kisheria kumchukua mnyama anayeteseka. Mkaguzi wa RSPCA, pamoja na sare yake yote, hana mamlaka ya kuingia kwa mtu bila ridhaa. Mwenye nyumba akikataa, inabidi polisi wahusike. Nakueleza haya mapema ili usivunjike moyo ukimwona mkaguzi amegonga, hakufunguliwa, akaondoka. Watu wengi wakishaona hivyo husema "hawa hawana maana" na kunyamaza. Usinyamaze. Ukiona jambo jipya piga tena, utaje namba ya kumbukumbu uliyopewa mara ya kwanza.

Pia usidhani ni lazima usubiri apigwe tena. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamkataza mtu kumtesa mnyama, lakini haikuishia hapo. Inamlazimu anayefuga ampatie mnyama mahali panapomfaa pa kuishi, chakula na maji, nafasi ya kuishi kwa maumbile yake, kuwa na wenzake au kutengwa nao kadiri anavyohitaji, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Kwa hiyo bakuli lililopinduka na ile kamba fupi ni habari tosha ya kutoa, hata kama ungekuwa hukuuona ule mpini. Na kwa kosa la kumtesa mnyama, tangu Juni 2021 kifungo cha juu kabisa kimepanda kutoka miezi 6 hadi miaka 5. Hili si jambo dogo tena mahakamani.

Kitakachomsaidia huyo mbwa kuliko chote ni daftari lako. "Anamtesa kila siku" haimsaidii mkaguzi. Andika hivi: Jumanne, 21:40, mwanamume mwenye koti jeusi, kampiga mgongoni kwa mpini, mbwa hakukanyagia mguu wa nyuma wa kulia. Kesho yake asubuhi, bakuli bado kavu. Saa ziandike kwa hesabu ya huku, usije ukasema saa tatu wakaelewa mchana. Andika mbavu kama zinahesabika, manyoya kama yamegandamana kwa uchafu, shingo kama kamba imeanza kumchubua. Piga picha au video ukiwa ndani kwako, dirishani, na usiifute ile ya asili kwenye simu.

Sasa mambo ambayo nakusihi usiyafanye. Usiruke uzio kwenda kukata kamba. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemwokoa, na ukimchukua, wewe ndiwe utakayeitwa mwizi. Usimfuate mwenye mbwa peke yako. Aliyeshika mpini kwa hasira anaweza kuugeuza kwako. Na tafadhali, usiiweke video Facebook wala kwenye makundi ya WhatsApp. Naona watu wetu wanakimbilia huko kwa uchungu, nauelewa uchungu huo, lakini mhusika akiiona atamhamisha mbwa usiku huo huo, na mkaguzi akifika atakuta nguzo tupu.

Jibu, kutoka Reading

Naomba niongeze kwa sisi tunaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, maana tunaingia nyumba nyingi na tunaona mengi.

Si kila mnyama aliyekonda anateswa kwa roho mbaya. Unaingia kwa bibi anayesahau hata kula yeye mwenyewe, unakuta paka kucha zimepinda zinaelekea kuchoma nyama ya mguu, sanduku lake la mchanga halijaguswa siku nyingi, na bibi anampenda kuliko kitu chochote. Mnyama huyo anateseka kweli, lakini dawa yake ni tofauti. Mweleze msimamizi wako kwa maandishi siku hiyo hiyo na uandike kwenye kumbukumbu za ziara. Mzee asiyeweza tena kumtunza paka wake huenda haziwezi tena hata shughuli zake mwenyewe, na hilo linahusu kazi yetu moja kwa moja. Kuna shirika linaitwa Cinnamon Trust ambalo wajitolea wake huwasaidia wazee na wagonjwa wasiotarajiwa kupona kubaki na wanyama wao, hata kuwatembezea mbwa. Itajieni familia shirika hilo. Ila kama mnyama yuko katika hali mbaya, RSPCA wapigiwe, bibi awe mwema namna gani.

Jibu, kutoka Glasgow

Sisi wa Scotland tusichanganywe na hayo ya RSPCA. Huku ni Scottish SPCA, simu 03000 999 999, na wakaguzi wao wana mamlaka zaidi ya kisheria kuliko wenzao wa huko, kisha hupeleka kesi kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Walioko Northern Ireland, wanyama wa nyumbani ni kazi ya halmashauri. Na mbwa anayezurura bila mwenyewe, England na Wales pia, apelekewe taarifa halmashauri, si RSPCA.

La mbwa kufungiwa ndani ya gari siku ya joto: hapo ni 999. RSPCA wanaonya kwamba nje kukiwa na nyuzi 22, ndani ya gari joto linaweza kufika 47 katika saa moja. Akihema kwa kasi, akitokwa na udenda, akilegea au kutapika, usingoje mwenye gari. Mwambie wa 999 namba ya gari. Kuvunja kioo kunaweza kukupeleka mahakamani ukajieleze, kwa hiyo ongea na polisi kwanza, piga picha ya mbwa na hali yake, chukua majina ya waliokuwepo.

Jibu, kutoka Birmingham

Dada wa Leicester, nimerudi kwa jambo moja lililonikosesha usingizi. Umesema ni mwanamume. Je, kuna mwanamke au watoto katika nyumba ile? Anayempiga mbwa hivyo, mara nyingi mbwa si wa kwanza wala wa peke yake. Ukiwa na wasiwasi nao, wataje pia unapopiga simu. Na kama kuna mama humu anayeshindwa kuondoka kwenye kipigo kwa sababu hataki kumwacha mbwa au paka nyuma, ajue kwamba shirika la Dogs Trust wanawapatia mbwa wa watu kama yeye hifadhi ya muda, na shirika la Cats Protection wanafanya hivyo kwa paka, kwa siri, mpaka apate pa kukaa. Simu ya taifa ya unyanyasaji wa nyumbani ni 0808 2000 247, bure, saa 24.

Kutoka Leicester

Asanteni sana, kaka na dada zangu. Nimepiga RSPCA leo asubuhi, nimepewa namba ya kumbukumbu. Ndiyo, yupo mama na mtoto mdogo, nimewataja. Mume wangu ndiye anayeandika saa kwenye daftari sasa, chumba chake cha kazi kinatazama uwanja ule.