MREJESHO: Kichanga wa dada aliyezaliwa halii, na ile mashine ya mwanga

Wakuu, wiki tatu nyuma niliuliza kama kweli kuna mashine ya mwanga inayopima ubongo wa kichanga, maana mtoto wa dada yangu hapa Igoma alizaliwa halii, siku hiyohiyo degedege ikaanza.

Nimekaa na daktari wa watoto kanielewesha. Ipo, wanabandika kisensa kwenye paji la uso, kinarusha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, fuvu la kichanga jembamba kwa hiyo unapenya mpaka kwenye ubongo, na damu yenye oksijeni inameza mwanga tofauti na isiyo nayo, ndo wanajua ubongo unapata kiasi gani, bila sindano wala eksirei. Kilichonishtua, baada ya siku moja mbili oksijeni ikisoma juu sana inaweza kuwa habari mbaya, yaani seli zimeumia haziitumii.

Tulipolazwa hawana, wakampiga utrasaundi ya utosini. Mdau aliyeniambia niulizie kumpoza mtoto mwili (wanamshusha joto ili kuukinga ubongo uliokosa oksijeni), inatakiwa ianze ndani ya saa 6 tangu azaliwe, sisi tulishachelewa, inaniuma mpaka leo.

Ila degedege imekata, na juzi kanyonya mwenyewe, dada kalia sana. Kliniki tunarudi mwezi ujao.