Asha: maisha, tumaini au ukweli? Maana ipi ni sahihi?

kalamu_kavu: Wakuu, naandaa orodha ya majina na maana zake, nimekwama kwenye Asha. Tovuti moja inasema "maisha", nyingine "tumaini", ya tatu "ukweli". Kuna hata iliyorundika zote tatu ikaziita Kiswahili. Niandike ipi? Na Aisha, Esha na Ayşe niyaweke pamoja au mbalimbali?

mzizi_na_tawi: Zote zipo, mkuu, ila si jina moja. Ni majina matatu yaliyogongana kwenye herufi nne za Kilatini.

Asha wa Kiswahili ni Aisha, عائشة, kutokana na kitenzi cha Kiarabu ʿāsha, "aliishi". Umbo lake ni la mtenda wa kike, kwa hiyo andika "aliye hai, anayeishi". "Maisha" ni nomino ya mzizi huohuo wa ʿ-y-sh, uliotupa pia "ishi", na hapo ndipo tovuti zinapoteleza. Jina limeenea sana kwa sababu ya Bi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume.

Kiswahili hakina ain wala hamza, sauti mbili za kooni za Kiarabu, na hamza ndiyo inayozitenga a na i kwenye عائشة; kwa hiyo kwetu a na i zinabaki zimegusana. Zikiungana unapata Esha (kama ma- na -ino zinavyotoa meno), i ikidondoka unapata Asha. Aisha, Asha, Esha, Eshe na Mwanaisha yote yakae chini ya kichwa kimoja. Ila usiliguse neno "kuisha"! Hilo ni la Kibantu, halina undugu na jina hili, na hakuna anayependa kuambiwa jina lake maana yake ni kumalizika.

devanagari: Naongezea upande wa Mashariki. "Tumaini" ni आशा, neno la Kisanskriti, āśā, irabu zote mbili ndefu. Asha Bhosle, mwimbaji wa India, ni wa kundi hili.

"Ukweli" ni aša ya Kiavesta, lugha ya maandiko ya dini ya Zoroasta: kweli, pamoja na mpangilio sahihi wa ulimwengu. Kinyume chake ni druj, uongo. Msiiunganishe na āśā kwa kuwa Kiavesta na Kisanskriti ni ndugu. Mwenzake wa Kisanskriti ni ṛta. Kiajemi cha Kale kilisema arta, na ndiyo iliyo mwanzoni mwa jina la mfalme Artashasta mnayemsoma katika kitabu cha Ezra.

kalamu_kavu: Nashukuru sana. Na Aṣa, yule mwimbaji wa Nigeria?

toni_tatu: Huyo ni wa nne, Kiyoruba. Nukta chini ya s ndiyo inayoifanya isomwe "sh". Halafu kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana: àṣá ni mwewe, àṣà ni desturi. Jina lake ni la mwewe. Ukifuta alama, maneno yote mawili yanakuwa "asa" na msomaji hana pa kushika.

mzizi_na_tawi: Ayşe ni Aisha kwa Kituruki, liweke kundi la kwanza. Mtego: "ay" kwa Kituruki ni mwezi, na ndiyo iliyomo kwenye Aysel na Aysu, basi watu wanampachika Ayşe mwezi. Sivyo. Aïcha pia ni yuleyule, kwa tahajia ya Kifaransa. Nukta mbili juu ya i zinaonyesha a na i zisomwe kando, vinginevyo "ai" ingesomwa kama "e". Aïssatou na Aïssata za Afrika Magharibi nazo humohumo.

Kwenye orodha, fanya kama kamusi inavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini: Asha 1, Asha 2, Asha 3, kila moja na lugha yake. Aṣa mpe kichwa chake mwenyewe. Kabla ya kuandika maana yoyote, tafuta jina kwa hati yake ya asili. Likianza na ع (ain) ni Kiarabu, maliza hapo. Ukikuta Kilatini tupu bila lugha kutajwa, hiyo tovuti iruke.